Daktari wa Meno Anapouliza Kuhusu Kukoroma

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ana mtoto wa miaka minne mwenye magego yaliyooza. Daktari wa meno amependekeza mtoto anyweshwe dawa ya kumtuliza ili ang'olewe bila vurugu. Ila kabla hata hajayagusa meno, anaandika mama huyo, daktari aliuliza: "Anakoroma usiku?" Amepeleka jino, anaulizwa usingizi. Kuna uhusiano gani?

Upo, tena mkubwa. Mambo ya dozi na saa za kukaa bila kula nayaruka, maana mzazi hupewa maelekezo yake kliniki. Nataka tubaki kooni.

Wengi huiita tiba hii nusu kaputi, nami nalikataa jina hilo. Kwenye nusu kaputi mgonjwa hana habari kabisa, na mtaalamu wa usingizi ndiye anayemshikia njia ya hewa, mara nyingi kwa mpira uliopitishwa kooni. Kutuliza kwa dawa ni kitu kingine: mtoto anakunywa midazolamu, tuseme, anasinzia, na anaendelea kujivutia hewa mwenyewe. Mpira hakuna. Anategemea koo lake lilivyo.

Na koo la mtoto ni jembamba. Miaka ya 1840 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, alichapisha vipimo vyake vya maji yanayopita kwenye vijibomba vya kioo. Bomba likipungua upana kidogo, ukinzani hauongezeki kidogo; unapanda kwa kipeo cha nne. Chukua njia ya hewa ya mtu mzima yenye upana wa milimita 8, ivimbe milimita 1 pande zote: ukinzani unakuwa karibu mara 3. Chukua ya mtoto mchanga, milimita 4, uvimbe uleule: mara 16! Mafua tu yanatosha kuleta uvimbe, ndiyo maana mtoto mwenye mafua huambiwa arudi baada ya wiki mbili au zaidi. Hesabu hii ni ya bomba lililonyooka na hewa inayopita kwa utulivu. Hewa ikivurugika, hali huwa mbaya kuliko hapo.

Lakini kioo hakibonyei, koo linabonyea, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Umewahi kunywa juisi nzito ya parachichi kwa mrija wa karatasi? Mwanzo inapanda vizuri. Mrija ukishalowa, ukivuta, kuta zinaingia ndani. Unavuta kwa nguvu zaidi, zinaingia zaidi, mpaka zinagusana na hakipiti kitu. Nguvu yako mwenyewe ndiyo iliyoufunga. Kuta za koo nyuma ya ulimi nazo hazina mfupa wala gegedu ya kuzishikilia. Zinashikiliwa na misuli, hasa ule unaouvuta ulimi mbele. Mtoto akiwa macho misuli hiyo imekaza, mrija ni mkavu. Akilala inalegea. Akipewa dawa inalegea zaidi, na mrija umelowa chapachapa. Sasa mtie mafindofindo makubwa yaliyokwisha kuziba nusu ya njia: lazima avute kwa nguvu, na kila anavyovuta ndivyo panavyofunga. Mkoromo ni sauti ya nyama hizo laini zikipigapiga.

Usiku nyumbani, koo likiziba, ubongo humshtua mtoto, anageuka, anapumua. Dawa huudhoofisha mshtuko huo. Juu ya hayo kuna mkono wa daktari unaolisukuma taya la chini nyuma, na maji ya mashine mdomoni.

Ndiyo maana daktari anachungulia koo. Mtoto anakaa wima, anafungua kinywa, anatoa ulimi, bila kusema "aaa", kwa sababu sauti hiyo huinua kaakaa laini na kuonyesha nafasi isiyokuwapo. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1985 na Seshagiri Mallampati: je, kimeo kinaonekana, au ulimi umekifunika? (Kama mtoto alikatwa kimeo kwa mganga, mzazi aseme, maana alama hiyo haipo tena.) Mafindofindo hupewa daraja 0 hadi 4, la 3 limeshapita nusu ya koo. Kidevu kilichorudi nyuma nacho huangaliwa.

Kwa hiyo, mama, usijibu "hapana" haraka. Usiku mtoto akishalala fofofo, mrekodi kwa simu dakika chache, kinywa na kifua vyote vionekane. Ukiona kifua kinahangaika kupanda huku hewa haisikiki, kisha anakoroma kwa kishindo, mwonyeshe daktari video hiyo. Mtoto wa namna hiyo hatulizwi kwenye kiti cha kliniki. Anapelekwa hospitali yenye mtaalamu wa usingizi, hata kama magego yatangoja mwezi mmoja zaidi.