Goti linauma, damu inasema nini?

Mpakani, mzigo bado unategemea mwili wa binadamu. Malori hufika Busia, Mutukula na Rusumo, lakini gunia lazima litoke kwenye lori liingie kwenye mkokoteni, na ndoo ya samaki lazima ipande kichwani. Kati ya Goma na Gisenyi, kwa miaka mingi maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wamekuwa wakivuka kwa miguu wakiwa na mboga na unga. Kazi hiyo ikifika mwaka wa kumi au wa ishirini, magoti huanza kulalamika, vidole huvimba, na mtu hupita duka la dawa kununua diklofenaki. Mwenye nafasi huenda maabara kuomba kipimo cha viungo. Hurudi na karatasi yenye herufi: RF, CRP, pengine anti-CCP.

Herufi hizo ni majina ya protini zinazopimwa kwenye damu. Zimepatikana kwa msako wa miaka zaidi ya 80, na msako wenyewe haujakwisha.

Kwanza ieleweke kwamba maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Upo baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaozunguka maungio. Huanzia mara nyingi kwenye viungo vidogo vya mikono, kulia na kushoto pamoja, na asubuhi mgonjwa huamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi nao, asilimia 70 hivi wakiwa wanawake. Wa pili ni ugonjwa wa kulika kwa gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa kusagana. Huu hupenda goti na nyonga, huuma zaidi mtu akibeba au akitembea, na hupungua akipumzika. Walioishi nao mwaka huohuo walikuwa milioni 528.

Kuhusu baridi yabisi, damu husema mengi. Kuhusu kulika kwa gegedu, ndiyo kwanza inaanza kusikika.

Protini ya kwanza kwenye karatasi hiyo iligunduliwa Norway. Daktari Erik Waaler aliona kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa baridi yabisi yalifanya chembe nyekundu za damu ya kondoo zishikamane. Alichapisha habari hiyo mwaka 1940. Mwaka 1948, nchini Marekani, Harry Rose na wenzake nao walichapisha jambo hilohilo. Kilichoonekana ni kingamwili ya ajabu, inayoshambulia kingamwili nyingine za mwili uleule. Ndiyo RF ya kwenye karatasi.

RF ina kasoro ambayo kwa watu wa ukanda huu si ndogo. Hujitokeza pia kwa mtu mwenye malaria, kifua kikuu au homa ya ini aina ya C, na hata kwa baadhi ya wazee wasio na ugonjwa wowote. Mtu aliyetoka kuugua malaria anaweza kupewa jibu chanya, akaambiwa ana baridi yabisi, akaanza dawa nzito asizozihitaji. CRP nayo huonyesha tu kwamba kuna uvimbe au maambukizi mahali fulani mwilini. Mahali gani, haisemi.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1998 kutoka Nijmegen, Uholanzi. Kundi la Walther van Venrooij lilionyesha kwamba wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana kingamwili zinazolenga protini ambazo mwili umezibadilisha kidogo: kipande kimoja cha protini kiitwacho aginini kimegeuzwa kuwa sitrulini. Badiliko ni dogo sana, lakini kinga huliona kama sura ya mgeni. Kutokana na ugunduzi huo kikatengenezwa kipimo cha anti-CCP.

Tofauti yake na RF inahesabika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba katika wagonjwa 100 wa baridi yabisi, RF hunasa 69 na anti-CCP hunasa 67. Hapo vinakaribia kulingana. Lakini katika watu 100 wasio na ugonjwa huo, RF huwasingizia 15, anti-CCP huwasingizia 5. Na kwa kuwa theluthi moja ya wagonjwa hupita bila kunaswa, jibu hasi pekee halitoshi kumfukuza mtu kliniki ikiwa vidole vyake vimevimba.

Jambo la kushangaza zaidi lilitoka kwenye majokofu ya damu ya Amsterdam. Watafiti walipata wagonjwa 79 wa baridi yabisi ambao zamani walikuwa wachangiaji damu, na sampuli zao za miaka ya nyuma zilikuwa bado zimehifadhiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Karibu nusu yao walikuwa tayari na RF, anti-CCP au zote mbili kabla ya kuhisi maumivu yoyote, na kwa kawaida ya kundi hilo muda huo ulikuwa miaka minne na nusu. Damu ilijua, mwenyewe hajui.

Hapo ndipo thamani ya msako huu ilipo. Baridi yabisi ikitibiwa mapema, vidole vinaweza kuokolewa. Ikichelewa, mfupa huliwa, na mkono uliokuwa ukihesabu fedha na kufunga mizigo hupinda usirudi tena. Dawa ya kuanzia, methotreksati, ni ya bei nafuu ikilinganishwa na nyingine na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si ya kununua kwa kuelekezwa na jirani: kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja kwa wiki, na watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Turudi kwa gegedu, ambako ndiko walipo wabebaji wengi. Ugumu wa kwanza ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Vipande vya protini vinavyomomonyoka hudondokea kwenye ute wa maungio kwanza, kisha hupenya polepole hadi kwenye damu, na hufika vichache mno. Huko vinakuta zaidi ya nusu ya protini zote ni moja tu, albumini. Ni kama kutafuta kifurushi kimoja cha iliki katika yadi iliyojaa malori ya saruji.

Ugumu wa pili ni kwamba damu haitaji anwani. Goti, nyonga na uti wa mgongo hutupa taka zao kwenye mto mmoja. Tena, protini iitwayo COMP, iliyoelezwa na watafiti wa Lund, Sweden, mwaka 1992, hupanda baada ya mtu kutembea nusu saa tu. Mpagazi akipimwa akitoka yadi, na akipimwa baada ya kupumzika, anaweza kuonekana kama watu wawili.

Habari mpya ni ya mwaka 2024. Virginia Byers Kraus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichunguza damu ya wanawake 200 weupe wa Uingereza, nusu wakiwa na ugonjwa wa goti na nusu bila. Protini chache, sita hivi, zilitosha kuwatenganisha, tena kwa damu iliyotolewa miaka minane kabla ya eksirei kuonyesha dalili.

Ni hatua nzuri, lakini bado si kipimo cha kuagizwa kaunta. Hakuna kipimo cha damu cha kulika kwa gegedu kilichokubalika kwa kazi ya kila siku hospitalini, na anayekitangaza mpakani anauza jina. Isitoshe, watu 200 ni wachache, na wote wametoka upande mmoja wa dunia. Ili protini hizo sita ziaminike kwa mwanamke anayebeba ndizi kichwani tangu utotoni, itabidi damu ya watu kama yeye itolewe magoti yakiwa bado mazima, igandishwe, na magoti hayohayo yapigwe eksirei tena baada ya miaka. Kwa sasa, goti lake linachunguzwa kwa mkono wa daktari, maswali na eksirei.