Antivairasi ikikuonya kuhusu duka la mtandaoni: ulipe, au useme muuzaji ni mwizi?

Mama mmoja wa Pemba ametuandikia kuhusu mwanawe anayesoma Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Alitaka kumnunulia kompyuta katika duka la mtandaoni, ipelekwe huko huko chuoni. Alipofungua ukurasa wa malipo, antivairasi ikatoa onyo jekundu. Muuzaji akamjibu: "Izime tu, inasumbua." Mama anauliza, je, alipe? Na dada zake wanaotaka kulitangaza duka hilo kwenye makundi ya WhatsApp, wana haki?

Onyo hili ni mfano wa khabari ya mjumbe mmoja. Linatosha kukuzuia usitoe mali yako, lakini halitoshi kumhukumu mtu.

Tuanze na mali. Maonyo hayafanani. Ukiambiwa cheti cha tovuti kimekwisha muda, kwanza tazama tarehe ya simu yako, kwani simu iliyopoteza tarehe huonya hata pasipo tatizo. Ukiambiwa tovuti ina virusi au ni ya kitapeli, ondoka. Alama ya kufuli isikutulize: maana yake ni kuwa unachoandika kimefichwa njiani, haikwambii anayekipokea ni nani.

Wala ukubwa wa duka si dhamana. Mwaka 2018 wezi walipenyeza maelekezo machache ya programu katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways, yakawa yanachukua taarifa za kadi pale pale mteja anapoziandika. Shirika halikugundua mpaka lilipojulishwa na mtu wa nje. Mwaka 2020 lilitozwa faini ya pauni milioni 20 huko Uingereza.

Kwa hiyo hata muuzaji wa mama huyu huenda naye kaingiliwa bila kujua, na antivairasi nazo hukosea. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha khabari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kusema "nimeona onyo, msilipe hapo kwa sasa" ni nasaha. Kusema "ni wezi" ni tuhuma, na tuhuma hutaka ushahidi.

Hata hivyo, jibu la muuzaji hatulikubali. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kutokuweka kilicholowa juu watu wakakiona. Mwenye duka akipelekewa picha ya onyo, wajibu wake ni kusimamisha malipo na kumwita fundi. Kumwambia mteja azime kinga yake ni kukifukia kilicholowa.

Basi mama asiizime. Kijana aende Dodoma mjini, aikague kompyuta dukani kwa mikono yake, ndipo ilipwe. Nauli ya kutoka Hombolo si kitu mbele ya bei ya kompyuta.

Aliyekwisha kuandika namba za kadi apige benki leo hii kadi ifungwe, kisha abadilishe neno la siri kila alipolitumia. Namba ya simu ya tapeli, ukiwa na uhakika nayo, itume kwenda 15040.

Wallahu aalam.