Dawa ya Koksidia na Moyo wa Kuku

Monensini ni dawa itokanayo na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces cinnamonensis. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971, ikichanganywa katika chakula cha kuku ili kuwakinga na koksidia, vijidudu viletavyo kuhara damu.

Dawa hii huzibeba ayoni za sodiamu na kuzivusha katika utando wa seli. Kijidudu hujaa sodiamu, huvuta maji, huvimba na kufa. Kuku husalimika kwa kuwa ini lake huivunja upesi dawa iliyoingia katika damu.

Lakini dawa ikizidi nguvu za ini, seli za moyo nazo hujaa sodiamu. Katika kuitoa, seli hupokea kalsiamu badala yake. Kalsiamu ikizidi, nyuzi za msuli hukakamaa, na mitokondria, zizalishazo nishati ya seli, huvimba na kuharibika. Moyo hudhoofika; kuku hukataa chakula, hulegea miguu, na huweza kufa.

Kipimo cha kawaida kwa kuku wa nyama ni takriban gramu 100 hadi 125 katika tani moja ya chakula. Madhara hutokea hasa chakula kinapopimwa au kuchanganywa vibaya. Aidha, tiamulini, dawa nyingine ya mifugo, hulizuia ini kuivunja monensini. Hapo hata kipimo halali hugeuka sumu. Chakula hicho kiwekwe mbali na farasi: miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake zaweza kumwua.