Ng'ambo ya Daraja la Archers Post

Anayetoka mjini Isiolo kuelekea Archers Post ana kilomita 35 hivi za lami mbele yake, na wengi huzimaliza wakiangalia punda milia au kulala. Wachache huangalia mawe. Upande wa kusini wa mto Ewaso Nyiro, hasa kuelekea Shaba, nchi imetapakaa mawe meusi, mazito, mengine yakiwa na vitundu kama anjera iliyotoka jikoni. Ukivuka daraja la Archers Post, sura inageuka. Mbele inasimama milima iliyojitenga, ya kijivu na wekundu, mfano Ololokwe wenye kilele bapa, na mawe yake yana milia myeupe na myeusi inayopindapinda.

Watoto shuleni hukaririshwa koo tatu za miamba: miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Orodha hiyo ni sahihi, lakini ikibaki orodha tu humfanya mwanafunzi adhani mawe hupangwa kwa sura, kama nguo sokoni. Sivyo. Mwanajiolojia akiokota jiwe huuliza kwanza lilizaliwaje. Rangi na uzito ni ushahidi tu wa kesi hiyo.

Mawe meusi ya kusini mwa mto yalizaliwa na moto. Safu ya Nyambene, inayoonekana kutoka Isiolo, ni mkusanyiko wa volkano nyingi, na lava yake ilitiririka hadi tambarare za chini. Ilipofika juu ya ardhi ilipoa haraka, kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kukua. Ndiyo maana bazalti ni laini machoni, huoni chembe. Vile vitundu ni mapovu ya gesi yaliyonaswa wakati uji ule wa moto ukiganda. Uji uleule ukibaki chini ya ardhi na kupoa polepole kwa maelfu ya miaka, chembe hukua hadi zikaonekana kwa macho, na jiwe hupewa jina jingine: gabro. Asili moja, mwendo tofauti wa kupoa, majina mawili. Kipimo cha pili ni silika. Bazalti ina takriban asilimia 50, nayo hutiririka kwa wepesi. Graniti huzidi asilimia 65, na uji wake ni mzito.

Mlima Kenya nao ni volkano, iliyowaka kwa nguvu karibu miaka milioni 3 iliyopita. Kilele cha Batian, mita 5,199, si ukingo wa shimo la volkano. Ni kizibo kilichogandia kooni mwake, kikabaki kimesimama baada ya barafu na mvua kulila umbo la nje. Mwingereza J. W. Gregory alifika mlimani huko mwaka 1893 akaona jiwe asilolijua, lenye chembe kubwa za umbo la msambamba, akalipa jina la mlima: keniti. Miaka kadhaa baadaye msafara wa mvumbuzi Shackleton wa 1907 hadi 1909 ulipiga kambi Cape Royds, huko Antaktika, chini ya volkano ya Erebus, na mawe yaliyouzunguka yalikuwa ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo jina la Kenya liko kwenye miamba ya ncha ya kusini ya dunia, mahali ambapo huenda hakuna Mkenya aliyewahi kulalamikia baridi wakati huo.

Inashangaza kwamba wasomi wa Ulaya waliwahi kugombana kuhusu bazalti. Katika karne ya 18, Abraham Werner wa Freiberg, Ujerumani, alifundisha kuwa ilijitenga na maji ya bahari ya kale. Mskoti James Hutton, aliyewasilisha nadharia yake Edinburgh mwaka 1785, aliuona mkono wa joto la ndani ya dunia. Mtu aliyekulia akitazama Nyambene asingehitaji kusikiliza pande zote mbili.

Milima ya ng'ambo ya daraja ni hadithi nzito zaidi, nayo ni ya zamani mno. Yaliyo pale yalikuwa mawe mengine: udongo mfinyanzi, mchanga, chokaa, hata mawe ya moto. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita mabara yaligongana na kukunjana, na mawe hayo yakazikwa kilomita nyingi chini. Huko yaliokwa na kubanwa bila kuyeyuka. Madini yake yalijipanga upya, meusi na meusi, meupe na meupe. Ndiyo milia ya naisi. Udongo uligeuka shisti inayometameta kwa ulanga, chokaa ikawa marumaru. Mshipi huu wa miamba geu unapita Afrika Mashariki hadi Msumbiji, na mwanajiolojia Arthur Holmes, aliyewahi kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911, ndiye aliyeupa jina la nchi hiyo.

Lakini koo hizi huchanganyika pia. Joto likizidi kidogo, sehemu ya naisi huyeyuka na kuganda tena ndani yake yenyewe. Jiwe hilo huitwa migmatiti, nusu geu, nusu moto. Majivu ya volkano nayo huruka yakiwa mali ya moto, kisha hutua tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huyaweka kwa miamba ya moto, ila mkulima anayeyachimba huona tabaka tu, na ana haki. Karibu na Garba Tula, ndani ya kaunti ya Isiolo, mshipa wa mwamba wa moto uliopenya miamba geu ndio uliobeba yakuti samawi zilizochimbwa huko.

Tofauti hizi zinajulikana zaidi na mwenye ng'ombe kuliko mwenye kitabu. Lava imejaa nyufa: mvua ya nyanda za juu huzama humo na kuibuka mbali, kama kwenye chemchemi za Buffalo Springs, maji maangavu katikati ya ukame. Naisi haina ukarimu huo. Kisima kikichimbwa nje ya ufa wake au nje ya sehemu iliyooza, hutoka vumbi.

Ukoo uliobaki, wa miamba tabaka, bado unazaliwa, na mzazi wake ni Ewaso Nyiro. Mto huo hubeba chembe nyeusi za lava, ulanga na mchanga mweupe wa naisi, ukapita Merti ukizidi kupungua. Mashapo ya kale ya upande huo yamehifadhi maji ambayo kambi za wakimbizi za Dadaab huyavuta kwa visima vyenye kina cha zaidi ya mita 100. Kwenye kinamasi cha Lorian mto hupotea miaka mingi, na mzigo wote hutua pale, mweusi na mweupe pamoja, juu ya mzigo wa mafuriko yaliyopita.