Doa Jipya Katika Picha ya Mifupa Si Lazima Liwe Saratani Iliyoongezeka

Miezi michache baada ya kuanza matibabu mapya, mgonjwa mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudishwa kwenye vipimo vya picha ili ijulikane kama dawa inafanya kazi. Kwa familia nyingi za Jiji la Arusha na za Halmashauri ya Meru, majibu ya vipimo hivyo huwa ni karatasi moja yenye maneno magumu, na mara nyingi jicho huangukia sentensi moja tu: kwamba kuna madoa mapya kwenye mifupa. Wapo wanaokata tamaa hapo hapo na kuacha dawa iliyokuwa ikiwasaidia. Sentensi hiyo, hata hivyo, inaweza kuwa na maana zaidi ya moja.

Saratani ya tezi dume inaposambaa hupenda zaidi mifupa, hasa pingili za mgongo, nyonga na mbavu. Kipimo cha nyuklia cha mifupa, ambacho ni miongoni mwa huduma za Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hufanyika kwa kumchoma mgonjwa sindano ya dawa yenye kiasi kidogo cha mionzi ya teknishiamu. Nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Mgonjwa husubiri saa 2 hadi 4, akinywa maji ya kutosha, kisha hupigwa picha ya mwili mzima.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kipimo hicho hakioni saratani yenyewe. Kinaonesha mahali ambapo mfupa unajijenga upya. Mfupa ulioshambuliwa na saratani hujijenga na hung'aa katika picha, lakini vivyo hivyo hung'aa mbavu iliyovunjika katika ajali ya bodaboda, goti lililochakaa kwa umri na pingili yenye kifua kikuu.

Mfupa unaopona nao hujijenga. Dawa inapoanza kuua seli za saratani, mfupa hukarabati palipoharibiwa, na katika wiki za mwanzo ukarabati huo unaweza kuyafanya madoa ya zamani yang'ae zaidi, au kudhihirisha madoa ambayo awali hayakuonekana. Hali kama hiyo huonekana pia katika CT-Scan: sehemu iliyoliwa na saratani hujaa madini na kuwa nyeupe, na msomaji wa picha ambaye hakupewa picha ya awali anaweza kuiandika kuwa ni doa jipya.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa saratani ya tezi dume uliotolewa mwaka 2016 umeweka tahadhari. Madoa mapya 2 au zaidi yakionekana katika picha ya kwanza baada ya kuanza dawa, hayahesabiwi moja kwa moja kuwa ugonjwa umesonga mbele. Picha hurudiwa baada ya wiki 6 au zaidi. Yakiongezeka mengine 2 au zaidi, hapo ndipo dawa huhesabiwa kuwa imeshindwa; yasipoongezeka, ile picha ya kwanza iliyotisha ndiyo inayochukuliwa kuwa msingi mpya wa kulinganishia. Tahadhari hiyo inahusu mifupa. Doa jipya kwenye ini au mapafu huchukuliwa kwa uzito tangu mwanzo.

Kwa wakazi wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru lipo jambo jingine, ambalo daktari aliyeko mbali huenda asilifikirie asipoambiwa. Maji ya chemchemi na visima vingi vya eneo hili la volkano yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ngarenanyuki na Maji ya Chai zimejulikana kwa tatizo hilo kwa miaka mingi, na Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floridi katika maji huko Ngurdoto. Wengi wanaitambua floridi kwa meno ya kahawia. Lakini aliyekunywa maji hayo kwa miongo kadhaa, na pengine kula chakula kilichopikwa kwa magadi, anaweza pia kuwa na mifupa iliyokomaa na kuwa mizito isivyo kawaida. Katika CT-Scan mifupa hiyo huonekana myeupe kupita kiasi, na katika kipimo cha nyuklia kiunzi kizima kinaweza kung'aa, kana kwamba saratani imeenea kila mahali.

Tofauti zipo. Floridi huathiri mifupa kwa kufanana pande zote mbili za mwili na haibadiliki sana kwa miezi michache. Saratani huwa na madoa yaliyotawanyika bila mpangilio, yanayoongezeka au kupungua. Ili tofauti hiyo ionekane, msomaji wa picha anahitaji kujua mzee huyu amekulia wapi na amekunywa maji gani. Maelezo hayo mgonjwa anaweza kuyatoa mwenyewe, au mwanawe aliyemsindikiza.

Picha husomwa pamoja na kipimo cha damu cha PSA na hali ya mgonjwa. PSA ikishuka, maumivu yakapungua na mgonjwa akarudi shambani kwake, madoa mapya katika picha ya kwanza yana uwezekano mkubwa wa kuwa dalili ya kupona. PSA nayo inaweza kupanda kidogo katika wiki 12 za mwanzo kabla ya kushuka. Kinyume chake pia hutokea: kuna saratani chache ambazo husonga mbele huku PSA ikiwa chini, na hapo picha na maumivu ndivyo vinavyosema kweli.

Ipo hali moja isiyosubiri kurudiwa kwa picha. Maumivu mapya makali ya mgongo, miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, vinaweza kuashiria kwamba uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au iliyo karibu zaidi, kwa kuwa miguu iliyokwisha kupooza ni vigumu kuirejesha.

Kwa wanaosafiri kwenda KCMC mjini Moshi, au zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Mgonjwa aombe picha zenyewe, ziwe katika filamu au katika CD, pamoja na orodha ya tarehe alizoanza kila dawa na majibu yote ya PSA. Picha ya awali iliyoachwa kabatini Tengeru haimsaidii daktari anayetakiwa kuamua Dar es Salaam kama doa ni jipya au lilikuwapo tangu mwaka jana.