Samaki wa uongo anayewadanganya samaki wa kweli

Ni kipande chembamba cha mbao au plastiki, chenye urefu wa kidole, na ndoana mbili au tatu zinaning'inia chini yake. Hakina nyama wala harufu. Lakini katika maziwa ya Marekani, samaki mwindaji anayeitwa besi anakirukia kama chakula halisi. Wavuvi wa huko wanakiita jekibeti, yaani chambo kinachovutwa kwa kushtua.

Wazo lake lilitoka mbali, kwa mvuvi maskini wa Finland. Lauri Rapala, aliyezaliwa mwaka 1905, alivua katika Ziwa Päijänne ili familia yake ipate kula. Alitega kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na kila ndoana ilihitaji samaki mdogo wa chambo. Kazi hiyo ilimchosha na kumpotezea wakati.

Akiwa ndani ya mtumbwi wake, Rapala alitazama jinsi samaki wakubwa wanavyowinda. Aliona kwamba mwindaji hakamati yeyote tu katika kundi. Anamchagua yule anayeyumba, mgonjwa au aliyejeruhiwa, kwa sababu hatakimbia.

Mwaka 1936 alichonga samaki wake kwa kisu cha fundi viatu, akitumia gome jepesi linalotengenezwa vizibo vya chupa. Hakuwa na rangi ya kung'aa, basi alikifunika kwa karatasi ya chokoleti. Ili maji yasiingie, aliyeyusha filamu za picha na kukipaka. Kilipovutwa majini, kiliyumba kama samaki aliyeumia.

Mwezi wa nane 1962, gazeti la Life la Marekani liliandika habari zake katika toleo lenye picha ya Marilyn Monroe, aliyekuwa amefariki siku chache mbele. Toleo hilo lilinunuliwa sana, na Wamarekani wakaagiza vyambo vingi kuliko familia ya Rapala ilivyoweza kutengeneza.

Jekibeti inafuata siri ileile. Mvuvi anaitupa mbali, anaelekeza ncha ya fimbo kwenye maji, anaishtua mara mbili, kisha analegeza kamba na kungoja. Jekibeti nyingi hazielei wala hazizami. Zinabaki katikati ya maji. Ni hapo, wakati wa kutulia, besi anapouma. Maji yakiwa baridi mwili wa samaki unakuwa mzito, na mvuvi anaweza kungoja sekunde kumi au zaidi. Asiye na subira anarudi mikono mitupu.

Huko Marekani uvuvi huu umekuwa mchezo wa pesa. Mwaka 1968 Ray Scott wa Alabama aliunda chama cha wavuvi wa besi. Mwaka 1971 mashindano yao makubwa ya kwanza yalifanyika katika Ziwa Mead, na mshindi, Bobby Murray, alipata dola 10.000. Leo mshindi anapata dola 300.000. Lakini Scott aliona hatari: mashindano mengi yangeweza kumaliza samaki. Tangu 1972 aliwahimiza wavuvi kupima samaki wakiwa hai na kuwarudisha majini. Anayeleta samaki aliyekufa anapunguziwa uzito.

Kwa anayeishi Uvira au Kalemie, kumrudisha samaki mkubwa majini ni jambo gumu kueleza mbele ya watoto wenye njaa. Hata hivyo, sangala na mikeke wa Ziwa Tanganyika nao wanawinda samaki wadogo, wakiwemo ndakala. Chandarua cha mbu kinakokota wadogo hao wote, pamoja na watoto wa samaki wakubwa. Ndoana moja inachukua samaki mmoja, na wengine wanabaki kukua.

Rapala hakuwa na ziwa la kuchezea. Alikuwa na njaa nyumbani, kisu mkononi na macho ya kutazama vizuri kabla ya kutega.