Je, Wajua? Nukta Zilezile, Mifuko Tofauti ya Mbolea

Je, wajua kwamba Kitale, nchini Kenya, ina mchango wake katika takwimu? Mbegu chotara ya mahindi H611, iliyowafikia wakulima mwaka 1964, ilizalishwa hapo, na kazi hiyo ikamleta mtaalamu Mmarekani, Steve Eberhart. Mwaka 1966 yeye na W. A. Russell walichapisha njia ya kupima uthabiti wa mbegu: mavuno yake hulinganishwa na wastani wa mbegu zote katika kila eneo, kisha mstari ulionyooka hupitishwa kati ya nukta. Mwinamo ukizidi 1, mbegu hiyo hung'aa penye rutuba na kuumia penye dhiki.

Lakini mkulima anataka mbegu itakayostahimili Bungoma mvua ikikatika, na bado ijae magunia Kitale ikipata mbolea. Mstari mmoja ulionyooka hauwezi kuichora mbegu ya namna hiyo. Mwaka 1978 Verma, Chahal na Murty walipendekeza mstari uvunjwe vipande viwili: kimoja cha maeneo duni, kingine cha maeneo mazuri.

Je, wajua kwamba umbo la mstari linaweza kukutoboa mfuko? Mwaka 1990, huko Iowa, Cerrato na Blackmer walijaribu modeli tano juu ya data ileile ya nitrojeni na mahindi. Zote zilizifuata nukta karibu sawasawa. Ila kiwango cha nitrojeni chenye faida zaidi kilianzia kilo 128 hadi kilo 379 kwa hekta! Kwa mbolea ya CAN yenye nitrojeni asilimia 26, tofauti hiyo ni karibu mifuko minane ya kilo 50 kwa ekari. Waliyoipendelea ni modeli inayopanda kwa kupinda, kisha inatulia tambarare; mahindi yakishiba, yameshiba.

Je, wajua kwamba umbo jingine la mstari, splaini, yaani mistari inayopinda kwa vipande, lilitokana na fito nyembamba za waunda meli? Isaac Schoenberg aliiingiza splaini katika hisabati mwaka 1946. Ina hatari yake: ukiipa maungio mengi ya vipande na vishamba vya majaribio ni vichache, itafuata hata kosa la mizani.

Dawa yake ni kuficha sehemu ya data, kisha kuona kama modeli itaibashiri. Afadhali ufiche eneo zima, si vishamba vichache, maana vishamba vya eneo moja vimenyeshewa mvua moja.